Mashine ya hp 5 imekwenda karibu sawa na ya hp 15 kwenye mashua yangu. Ninunue ipi?

#1 MwanaUlenge
Salaam wakuu. Nina mashua ya mbao, futi 18 kutoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma), tanga moja la pembetatu. Niko Tanga mjini. Natoka nayo na wanangu wawili, siku nyingine tunavua kwa mishipi, siku nyingine tunakwenda kisiwani Ulenge na kurudi.

Miezi miwili iliyopita tulishikwa na shwari. Ilikuwa bamvua (siku za maji makubwa, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu), maji yalijaa saa kumi jioni. Tulipogeuza magharibi upepo ukafa kabisa na maji ya kupwa yakaanza kututoa nje. Tulipiga kafi mpaka mikono ikafa ganzi. Tumefika karibu saa nne usiku maji yalipopoa, mama watoto amesimama ufukweni na tochi. Siku hiyo niliamua lazima niweke mashine.

Kabla ya kununua niliazima mbili. Binamu yangu alinipa Yamaha hp 15 (nguvu za farasi 15) ya tustroki, ile ya kuchanganya oili na petroli, jirani akanipa hp 5 ya fostroki, isiyochanganywa. Nilipima kwa simu. Ile 15 ikanipa km 10.5 kwa saa, ile 5 ikanipa km 9.5. Yaani nguvu mara tatu, kasi ikaongezeka kilomita moja tu! Na mafuta 15 ilikunywa lita 4 kwa safari ambayo 5 ilitumia lita moja na nusu. Fundi anasisitiza ninunue 15, "ndogo hizo ni za watalii". Nini kinaendelea hapa, na nichukue ipi?

#2 FundiBandarini
Mkuu, 15. Usihangaike. Spea zake ziko kila bandari kuanzia Moa hadi Msimbati, kila fundi anaijua kwa macho yaliyofumba. Ukichoka nayo unaiuza asubuhi na jioni umeshalipwa. Hiyo hp 5 ya fostroki ikikufia Pangani utamtafuta nani?

#3 Hesabu_Tu
Kinachoendelea kinaeleweka. Chombo kinachokata maji bila kupanda juu yake kinatengeneza wimbi, kichwa chake omoni na mkia wake tezini. Ukiongeza kasi wimbi linarefuka. Likifikia urefu wa chombo chenyewe, omo inainuka, tezi inazama kwenye bonde, na tangu hapo unapanda mlima ambao unakwenda nao. Kanuni ya kukadiria: chukua urefu wa chombo pale maji yanapogusa, kwa futi, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 1.34, unapata noti (maili za baharini kwa saa).

Mashua ya futi 18 majini itakuwa kama futi 16. Kipeuo cha 16 ni 4. Mara 1.34 unapata noti 5.36. Ndiyo hiyo km 9.9. Hp 5 imekufikisha karibu na mlango, hp 15 inapiga teke mlango uliofungwa.

#4 Kijana_wa_Kilwa
Noti 5.36 mara 1.6 ni km 8.6, siyo 9.9. Rekebisha hesabu Hesabu.

#5 Hesabu_Tu
@Kijana_wa_Kilwa hiyo 1.6 ni maili ya barabarani. Maili ya baharini ni km 1.852. 5.36 × 1.852 = 9.93.

#6 Kijana_wa_Kilwa
Nimekubali. Shukrani.

#7 Kalafati_Nungwi
Assalaam alaykum. Mie najenga vyombo, hesabu hizo sizipingi, lakini hebu niulize: hiyo mashine ya 15 ina shafti fupi au ndefu? Maana mashua yenye tezi ya juu ukiipachika shafti fupi, rafadha, ile inayozunguka majini kusukuma chombo, inakuwa kwenye maji ya juu juu yenye povu. Ikikanyaga povu inazunguka bure. Mashine inalia, chombo hakendi. Watu wanadhani mashine mbovu, wanamlaumu fundi.

Shafti fupi ni inchi 15, ndefu inchi 20. Pima kutoka pale mashine inapokaa hadi lile bamba lililo juu ya rafadha. Kwa chombo cha tanga bamba lile nataka liwe chini ya maji kwa kiganja kizima, si kwa vidole viwili kama kwenye boti ya mbio, kwa sababu chombo cha tanga kinatingishika mbele na nyuma na kuna wimbi.

#8 MwanaUlenge
@Kalafati_Nungwi wa alaykumu s-salaam. Nimekwenda kupima sasa hivi. Ya binamu ni fupi, inchi 15. Ya jirani ni ndefu. Na kweli ile 15 wimbi likija kwa nyuma ilikuwa inapiga kelele tupu sekunde mbili tatu kisha inashika tena.

#9 Kalafati_Nungwi
Basi jibu lako hilo. Wala usitafute jingine.

#10 BintiMafia
Si hilo peke yake. Mimi naendesha chombo cha baba Chole Bay, tuna tustroki ya 15 yenye shafti ndefu na bado mashua yetu ya futi 20 haizidi kasi hiyo. Tulichogundua ni uzito. Ile 15 ni karibu kilo 36, ongeza dumu la mafuta lita 20, ongeza mimi mwenyewe niliyekaa nyuma nimeshika mkono wa mashine. Wote tuko tezini. Chombo kinakaa kama bata anayelala. Siku moja nilimwambia mdogo wangu ahame na ndoo ya samaki aende akakae mbele ya mlingoti, tukaongeza mwendo hapo hapo bila kugusa gia.

MwanaUlenge, siku ya 15 wanao walikaa wapi?

#11 MwanaUlenge
@BintiMafia nyuma na mimi, dada. Walitaka kuona mashine inavyofanya kazi. Siku ya hp 5 nilikuwa na mmoja tu, na yeye alikuwa omoni na mshipi wake.

#12 Hesabu_Tu
Kwa hiyo vipimo vyako viwili havikuwa na abiria sawa. Hata mimi sasa nasita.

#13 MzeeBamvua
Vijana hamjambo. Naona mnabishana mashine, hakuna aliyeuliza maji yalikuwaje. MwanaUlenge, ulipima siku gani, saa ngapi, na ulikuwa ukienda wapi?

#14 MwanaUlenge
Shikamoo mzee. Ya 15 nilipima Jumapili siku ya bamvua, saa mbili asubuhi, natoka bandarini kwenda nje. Ya 5 Jumapili iliyofuata, saa ileile, njia ileile. Nilifikiri saa ileile na njia ileile ndiyo haki.

#15 MzeeBamvua
Marahaba. Saa ileile ndiyo iliyokuponza. Huku kwetu siku za bamvua maji hujaa kama saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, hupwa saa nne. Saa mbili asubuhi ya bamvua maji yanatoka kwa nguvu, na wewe unatoka nayo. Umebebwa. Wiki moja baadaye ni maji mafu (maji madogo, mkondo dhaifu), yanajaa kama saa nne au saa tano asubuhi. Saa mbili yalikuwa bado yanaingia, polepole, nawe unatoka dhidi yake. Mashine moja umeisaidia, nyingine umeipinga.

Kwa hiyo ukiondoa maji, hiyo 15 pengine haikuishinda 5 hata hiyo kilomita moja. Pengine ilikuwa nyuma.

#16 Kijana_wa_Kilwa
Aisee. Mzee ameupindua uzi wote.

#17 Hesabu_Tu
Mzee yuko sahihi na nilipaswa kuuliza hilo kwanza. Pima upya: nenda na urudi mstari uleule, papo kwa papo, kisha chukua wastani wa kwenda na kurudi. Mkondo unajifuta wenyewe. Na abiria wakae palepale siku zote mbili.

#18 Sangara_Mwanza
Habari za pwani wakuu. Huku ziwani hatuna bamvua, lakini nina la kuongeza. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na mashine inapoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300. Yaani 15 yako kwangu ni 13 na kitu. Hp 5 ni nne na nusu. Lakini niliiweka hp 6 kwenye mtumbwi wa tanga wa futi 19 na unanifikisha bila shida. Kwa hiyo watu wa pwani mnaosema hp 5 haitoshi mnanishangaza. Mna hewa nzito yote hiyo bure!

#19 FundiBandarini
Sangara ziwa lenu halina mkondo wa kilango (mlango mwembamba wa bahari). Njoo Mafia, mlango wa Kinasi siku ya bamvua, uje na hp 6 yako.

#20 BintiMafia
@FundiBandarini Kinasi siku ya bamvua hata na 15 hatupiti. Tunasubiri maji yasimame. Mashine ya chombo cha tanga haipigani na kilango, hata baba anayejua njia zote hajaribu.

#21 Mkanda_Lamu
Salamu kutoka Lamu. Kwanza niseme hiki chombo chenu mnachokiita mashua, kwa picha ya wasifu wa MwanaUlenge mimi naona ni dau. Pili, mlango wa Mkanda napita kila wiki. Tatizo letu si kasi, ni kina. Maji yakipwa unakwaruza tope na mizizi ya mikoko. Nataka mashine ninayoweza kuinua kwa mkono mmoja huku mkono wa pili una upondo (mti wa kusukumia chombo). Ya 15 ukiinua peke yako kwenye chombo kidogo unaweza kuanguka nayo.

#22 Kalafati_Nungwi
@Mkanda_Lamu si dau. Dau limechongoka mbele na nyuma. Lake limekatwa nyuma, lina ubao wa tezi, ndiyo maana mashine imekaa moja kwa moja bila kuunga kitu. Lingekuwa dau tungekuwa tunazungumza habari ya kuweka mkono wa ubavuni.

#23 Mkanda_Lamu
Kwetu dogo la namna hiyo twaita dau, na babu yangu alijenga hamsini. Lakini tusigombane kwa jina.

#24 MwanaUlenge
Aliyeniuzia aliniambia mashua, nikabaki na hilo :)

#25 Maskati77
Nawasalimu kutoka Maskati. Mtu akinunua iliyotumika (na wengi huku tunatuma nyumbani), afungue skrubu ya chini ya sanduku la gia kabla hajatoa hela. Mafuta ya gia yakitoka meusi, sawa. Yakitoka meupe kama maziwa, maji yameingia, sili zimekufa, na meno ya gia yanakula kutu hata kama mashine inawaka kwa mvuto mmoja. Nilinunua moja hivyo, rangi mpya inang'aa. Imekaa miezi mitatu. Muuzaji alinijua sura mpaka siku niliyorudi nayo.

#26 Kijana_wa_Kilwa
Pole. Mimi napendekeza utafute Evinrude, zile za Kimarekani zilikuwa chuma kweli.

#27 Maskati77
Evinrude wamefunga. Kampuni mama ilisimamisha kutengeneza mwaka 2020. Nzuri zilikuwa, ila spea utazitafuta kwa waliobaki nazo.

#28 MzeeBamvua
Mimi niliendesha Seagull ya Kiingereza ujanani. Unazungusha kamba kwa mkono juu ya gurudumu, unavuta, unazungusha tena. Ilikuwa inakunywa oili moja kwa kumi, moshi wake ulikuonyesha chombo kiko wapi kabla hujakiona. Ilikuwa na nguvu ndogo sana lakini rafadha yake pana, inazunguka taratibu. Ilisukuma vyombo vikubwa kuliko mnavyodhani. Hp ni namba ya karatasini, vijana. Tazameni rafadha.

#29 Hesabu_Tu
Hapo mzee kagusa jambo ambalo hakuna aliyeligusa. Pichi ya rafadha ni umbali ambao ingesonga kwa mzunguko mmoja kama maji yangekuwa mbao na yenyewe ni skrubu. Ile 15 kwa kawaida huja na rafadha ya pichi ya karibu inchi 10, kwa sababu imekusudiwa boti nyepesi inayoruka. Mashine ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, gia inapunguza nusu, rafadha inazunguka 2,500. Mara inchi 10 ni mita 635 kwa dakika. Ni km 38 kwa saa.

Chombo chako kinakwenda 10. Rafadha inataka 38. Hiyo tofauti yote ni maji yanayochapwa. Na kwa kuwa rafadha ni nzito mno kwa kazi hiyo, mashine haifiki hata hiyo 5,000, inakwama chini, inachafua plagi, inajaza masizi. Ni kama kupanda mlima wa Lushoto kwa gia namba nne.

Zile ndogo za vyombo vya tanga huja na rafadha ya pichi fupi, inchi 6 hivi. Tohatsu wana hp 6 waliyoiandaa hasa kwa vyombo vya tanga, shafti ndefu na rafadha ya kusukuma.

#30 FundiBandarini
Basi abadilishe rafadha ya 15! Kazi ya dakika kumi. Anabaki na mashine ya maana na spea za kila mahali.

#31 Hesabu_Tu
@FundiBandarini akipata ya pichi fupi inayoingia kwenye ekseli ile, ndiyo, itasaidia. Nakubali. Lakini kilo 36 zinabaki tezini na mafuta yanabaki mengi.

#32 Kijana_wa_Kilwa
Samahani, rafadha ndiyo pangaboi?

#33 Kalafati_Nungwi
Ndiyo. Bara wanasema pangaboi, madukani wanasema propela. Pangaboi kwangu ni feni ya darini, lakini ukiniambia nitaelewa.

#34 Umeme_Jua
Wakuu mbona hakuna anayezungumzia umeme? Kwa mtu anayetaka kufika nyumbani upepo ukifa, mota ya umeme ni bora. Haina plagi, haina kabureta, haina oili. Yamaha wenyewe wameinunua Torqeedo ya Ujerumani mwaka 2024, wanajua dunia inakwenda wapi.

#35 FundiBandarini
Na betri ikiisha katikati ya shwari?

#36 Umeme_Jua
@FundiBandarini na petroli ikiisha je? Tufanye hesabu ya kweli. Betri ya asidi ya volti 12, Ah (ampea-saa) 100, ina Wh (wati-saa) 1,200. Usiimalize, chukua nusu, Wh 600. Mota ndogo inayovuta ampea 50 inatumia wati 600. Saa moja kwa nguvu zote. Ukipunguza nusu ya mwendo inakaa zaidi ya mara mbili, kwa sababu mwendo wa mwisho ndio unaokula. Paneli ya jua unaifunga shetrini (nyuma), inajaza ukiwa unavua.

#37 Hesabu_Tu
Wati 600 ni chini ya hp moja (hp moja ni wati 746). Katika shwari ya maji mafu, sawa. Dhidi ya kupwa kwa bamvua, Tanga, magharibi? Hapana. Na hiyo ndiyo hali hasa iliyomfanya aanzishe uzi.

#38 Umeme_Jua
Basi afunge betri mbili.

#39 BintiMafia
Kila moja inazidi kilo 25 jamani! Tumerudi kwa bata anayelala.

#40 MzeeBamvua
Na mimi niseme lililo moyoni. Shwari ile isingempata mtu aliyetazama maji. Siku ya bamvua unarudi saa tisa, maji yanaingia, yanakuleta nyumbani hata tanga likiwa limelala. Mashine nzuri, sikatai, nina wajukuu nao wanayo. Lakini kijana akizoea mashine anaacha kuhesabu mwezi. Nimewatafuta baharini watu waliokuwa na mashine mbili.

#41 MwanaUlenge
Mzee nimekusikia, na ni kweli kabisa. Siku ile sikutazama mwezi. Sasa nimebandika karatasi ya maji ukutani na mwanangu mkubwa ndiye anayeisoma kila asubuhi.

#42 Sangara_Mwanza
Swali la pembeni. Tustroki, kile kipimo cha 50 kwa 1, ni mililita 50 za oili kwa lita moja ya petroli, si ndiyo? Ndivyo nafanya mwaka mzima.

#43 Maskati77
Hapana ndugu yangu! 50 kwa 1 ni mililita 20 kwa lita. Mililita 100 kwa dumu la lita 5. Wewe unaweka 20 kwa 1. Ndiyo maana plagi zako zinakufa.

#44 Sangara_Mwanza
Daah. Nabadilisha plagi kila wiki tatu nikidhani petroli ya huku ni chafu. Asante sana, nimepata faida ya uzi huu.

#45 FundiBandarini
Petroli nayo chafu ipo, usiiache. Chuja kwa kitambaa kikavu, na ukimaliza safari funga bomba la mafuta, iache mashine iunguze iliyobaki kwenye kabureta mpaka izime yenyewe. Petroli iliyolala mwezi inageuka gundi. Nusu ya mashine ninazoletewa eti mbovu ni hiyo tu. Na hizi fostroki ndogo vijitundu vyake vya kabureta ni kama sindano, zinaziba kwanza. Ndiyo sababu ninang'ang'ania 15. Sina chuki na ndogo, nimechoka kuzifungua.

#46 Mkanda_Lamu
Hili la fundi ni kweli tupu. Na fostroki usiilaze ovyo ukiibeba nyumbani. Ina upande wake wa kulala, umeandikwa kwenye kitabu chake. Ukiilaza upande mwingine oili inapanda kwenye silinda na kesho kamba haivutiki. Yangu ilinifanyia hivyo siku ya harusi ya dada, tulikuwa tunavusha wageni Shela.

#47 Kijana_wa_Kilwa
Na wageni walifika?

#48 Mkanda_Lamu
Kwa tanga. Upepo ulikuwepo alhamdulillahi.

#49 BintiMafia
Mie naona hakuna aliyesema la wizi. Mashine ya kilo 25 anaibeba mtu mmoja begani usiku. Ya jirani yetu iliondoka hivyo, mnyororo ukakatwa. Sisi tunaivua kila jioni, inalala ndani chini ya kitanda cha baba, baada ya kuiwasha kwenye pipa la maji baridi dakika kumi kuosha chumvi. Kila jioni, bila kukosa. Kwa hilo nyepesi inashinda, maana ya 15 tunaibeba wawili.

Ukiiwasha tazama inakojoa, yaani inatema maji ya kupoza. Kamkojo kakiwa kembamba kamba isikuvutie kwenda popote, badilisha ile mpira ya pampu.

#50 MwanaUlenge
Wakuu, nimerudi na vipimo. Nilisubiri Jumamosi. Mtoto mmoja omoni, mwingine mbele ya mlingoti, mimi nyuma, mashine zote mbili asubuhi moja, kwenda na kurudi mstari uleule.

Hp 15: kwenda 9.4, kurudi 10.8. Wastani 10.1.
Hp 5: kwenda 8.7, kurudi 9.9. Wastani 9.3.

#51 Hesabu_Tu
Shukrani kwa kupima kwa uaminifu. Tazama sasa: wastani wa 15 ni km 10.1, kanuni ilisema 9.9. Nguvu mara tatu, kasi asilimia 8 au 9 zaidi. Ukuta ni wa wimbi.

#52 Kalafati_Nungwi
Ingekuwa shafti ndefu ungeona 11. Wimbi la Jumamosi lilikuwaje?

#53 MwanaUlenge
Dogo. Lakini ndiyo, ilikanyaga povu mara mbili tatu.

#54 BintiMafia
Na 15 imepanda kutoka nyuma ya 5 (kwa hesabu ya mzee) hadi mbele yake baada ya watoto kuhamia mbele. Uzito huo, nilisema.

#55 MzeeBamvua
Mimi nilisema pengine. Jumapili ile sikuwepo kuyapima maji yenyewe. Lakini chombo ulikipandisha lini mara ya mwisho kukisugua?

#56 MwanaUlenge
Mzee... Kabla ya Ramadhani.

#57 MzeeBamvua
Basi una shamba la chaza huko chini. Kipandishe, kikwangue, kipake, ndipo upime. Chombo kichafu hakina mashine inayokitosha.

#58 Kalafati_Nungwi
Hapo mzee kaniziba mdomo. Chombo kisafi kwanza.

#59 FundiBandarini
Sawa, nami niseme ukweli wangu. Kama ni futi 18, watu watatu, hakuna mzigo, na utaiosha na kuibeba ndani kama anavyofanya BintiMafia, basi 6 ya shafti ndefu itakutosha. Ukianza kubeba mbao au abiria, utanirudia. Usinunue 5 ikiwa 6 ni mwili uleule, hizi hp 4, 5 na 6 za fostroki kwa watengenezaji wengi ni chuma kilekile cha kilo 25 hivi. Mercury ndogo nyingi pia zimetengenezwa na Tohatsu, kwa hiyo ukikosa spea ya moja uliza ya nyingine.

#60 Umeme_Jua
Mimi bado niko kwenye umeme. Nitaleta vipimo vyangu kutoka Kigamboni.

#61 MwanaUlenge
Nawashukuru nyote. Naegemea 6 ya shafti ndefu, lakini sinunui bado. Tunapandisha chombo bamvua ijayo, tunakikwangua, na kuna jamaa wa Pangani amenitumia ujumbe ana rafadha ya pichi fupi inayoingia kwenye 15 ya binamu. Ataileta. Nitapima tena zote mbili. Makafi yanabaki chomboni, na maboya ya kuvaa ya watoto nimeshanunua tayari, hayo sikusubiri.

#62 Kijana_wa_Kilwa
Tupe matokeo mkuu, mashine ya 15 na pangaboi la jamaa wa Pangani.

#63 Ndubi_Mbili
Salaam, mgeni hapa, nimesoma uzi wote. Mimi nina ngalawa. Nimefunga ubao kwenye mrengu wa nyuma (mti wa kukingama unaoshika ndubi, ile mbao ya ubavuni inayoelea), upande wa kulia, nikaweka hp 3.5. Tanga likilalia kushoto rafadha inatoka majini, likilalia kulia mashine inalowa mpaka kabureta. Wenye ngalawa mnaifunga wapi?